Wangari Maathai: mwanamke aliyeuliza kila kitu kitaishia wapi

Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Yule aliyezoea kudai rambo bure dukani sasa anakuja na kikapu chake, au ananunua mfuko mbadala pale mlangoni. Hata hivyo, plastiki haijatuacha. Msimu wa vitunguu Malolo bado una magunia ya nyavu, salfeti za mbolea na chupa za viuatilifu, na chupa za maji bado zinarushwa dirishani kwenye barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa, hata pale inapokatiza Hifadhi ya Mikumi.

Marufuku yetu ilitanguliwa na mjadala mrefu Afrika Mashariki, na mmoja wa waliopaza sauti mapema katika mjadala huo ni Profesa Wangari Maathai wa Kenya. Wengi tunamkumbuka kwa miti na kwa Tuzo ya Nobel. Katika makala haya tunasimulia maisha yake kwa kufuata upande usiosemwa sana, yaani vitu vya kila siku: kibuyu, kikapu, mfuko, kitambaa cha kufungia mzigo, na mwisho jeneza. Hakuwa mbunifu wa viwandani wala hakuuza bidhaa yoyote. Ila kwa kila kitu alikuwa na maswali mawili ambayo mbunifu yeyote angepaswa kuanza nayo. Kimetoka wapi? Na kikishatumika, kitaishia wapi?

Mtoto wa Ihithe

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, kwenye nyanda za juu za kati za Kenya. Kenya ilikuwa bado koloni la Mwingereza. Baba yake alifanya kazi katika shamba la mzungu karibu na Nakuru, na familia iliishi huko kwa miaka kadhaa. Mwaka 1947 mama yake alirudi Ihithe na watoto ili kaka zake Wangari wasome.

Karibu na nyumbani kwao palikuwa na mti mkubwa wa mugumo, jamii ya mkuyu, na kando yake kulikuwa na chemchemi. Mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mti ule, kwa sababu kwa Wakikuyu mugumo ni mti wa heshima ya kidini. Mtoto alichota maji pale na kuchezea mayai ya vyura. Alipokua na kusoma biolojia, alielewa kwamba katazo lile lilikuwa na faida ambayo wazee hawakuhitaji maabara kuiona: mizizi ya mugumo inashuka chini sana, inashika udongo wa mteremko na kuyapa maji ya ardhini njia ya kutokea juu.

Vyombo vya nyumba ya Kikuyu ya wakati ule vilifanana na vya bibi zetu hapa Kilosa. Mbegu na maziwa vilikaa kwenye vibuyu, chakula kilipikwa kwenye chungu, na mazao yalibebwa kwenye kiondo, kikapu cha mviringo ambacho mkanda wake mama huuvusha kwenye paji la uso huku mzigo ukikaa mgongoni. Viondo vilisukwa kwa nyuzi za magome ya miti, na baadaye kwa katani. Chombo kilipochakaa kilitupwa shambani na kuoza, au kilitiwa jikoni kikawa moto. Hakuna aliyeita hali hiyo utunzaji wa mazingira. Yalikuwa maisha ya kawaida, na Wangari mwenyewe aliyathamini zaidi baada ya kuona yakitoweka.

Shule, Marekani na kupe

Ilikuwa nadra wakati huo mtoto wa kike kupelekwa shule. Kaka yake Nderitu ndiye aliyemuuliza mama yao kwa nini Wangari hasomi kama wao, na mama akakubali. Akiwa na miaka minane alianza shule ya msingi Ihithe, kisha akaenda bweni katika misheni ya Wakatoliki ya Mathari, Nyeri, na baadaye Loreto, Limuru.

Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa vijana wa Kenya waliopelekwa Marekani kwa ule mpango wa masomo uliosaidiwa na familia ya Kennedy. Alipata shahada ya kwanza ya biolojia mwaka 1964 katika chuo cha Mount St. Scholastica, jimbo la Kansas, na shahada ya uzamili mwaka 1966 katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Alirudi Kenya huru, akafanya kazi katika idara ya anatomia ya mifugo, akaenda Ujerumani kwa muda kwa masomo zaidi, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu huko Nairobi. Anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufikia hatua hiyo.

Kupe ndio waliomrudisha kijijini. Alikuwa akitafiti ndigana kali, ugonjwa ambao wafugaji wetu wa Kilosa wanaujua vizuri, na kazi hiyo ilimtaka azunguke mashambani akikusanya kupe kwenye ng'ombe. Akaona ng'ombe waliokonda kwa kukosa malisho, na mito iliyokuwa myekundu kwa udongo kila mvua iliponyesha. Alipofika kwao Ihithe alikuta mugumo umekatwa ili kupanda chai, na chemchemi imekauka.

Wakati huohuo, kwenye mikutano ya Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, aliwasikia wanawake wa vijijini wakieleza shida zao. Kuni zilikuwa mbali. Kwa kukosa kuni, wengi waliacha kupika vyakula vinavyochukua muda mrefu jikoni na kuwapa watoto mkate na chai. Watoto wakawa na utapiamlo hata katika eneo lenye rutuba. Wangari akaunganisha mambo yaliyokuwa yakitazamwa mbalimbali: mti, udongo, maji, kuni na sahani ya mtoto.

Miti saba

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, yeye na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Hapo ndipo ilipoanzia Green Belt Movement, yaani vuguvugu la Ukanda wa Kijani.

Mpango ulikuwa rahisi. Wanawake wangeotesha miche karibu na nyumbani, wangeipanda katika mashamba yao, na kwa kila mche ulioota na kudumu wangelipwa kiasi kidogo, mwanzoni kama senti 4 za Marekani. Malipo yalifuata mche uliopona. Kuchimba shimo na kupiga picha peke yake hakukuwa na malipo. Kwa mpango huo, aliyepanda alikuwa na sababu ya kurudi kumwagilia na kuzuia mbuzi.

Wataalamu wa misitu walikuwa na wasiwasi. Waliamini kuotesha miche kunahitaji cheti. Wanawake walitumia maarifa ya kuotesha maharage na mahindi. Waliokota mbegu chini ya miti ya asili ya maeneo yao, na wengine walitumia vyungu vilivyovunjika na vyombo vilivyokwisha kazi kuwa vitalu, wakiviweka juu ili kuku na mbuzi wasivifikie. Ikumbukwe kwamba kitalu ni aina ya kifungashio: kinabeba kitu chenye uhai mpaka kifike mahali pake. Mwanamke asiye na hela alipata kifungashio hicho katika kitu ambacho kingetupwa. Hadi mwaka 2004, vuguvugu hili lilihesabiwa kuwa limepanda miti zaidi ya milioni 30.

Kazi hiyo haikumletea amani. Ndoa yake na Mwangi Mathai, aliyekuwa mbunge, ilivunjika, na talaka ikatolewa mwaka 1979. Mwaka 1989 alipinga mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya wananchi katikati ya Nairobi. Bungeni alidhihakiwa, na talaka yake ikageuzwa silaha dhidi yake. Jengo halikujengwa. Mwaka 1992 alipigwa hadi kuzimia alipokuwa na akina mama waliodai kuachiwa kwa watoto wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa. Januari 1999 alijeruhiwa kichwani akitetea msitu wa Karura, na alipokwenda polisi alitia saini maelezo yake kwa damu yake mwenyewe.

Mwaka 2002 wananchi wa Tetu walimchagua kuwa mbunge, na mwaka uliofuata akawa naibu waziri wa mazingira. Tarehe 8 Oktoba 2004 alikuwa njiani kwenda jimboni aliposikia kwamba ameshinda Tuzo ya Amani ya Nobel, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika. Alisherehekea Nyeri kwa kupanda mti.

Mfuko mwepesi, mzigo mzito

Baada ya Nobel sauti yake ilifika mbali, na moja ya mambo aliyoyatumia kwa sauti hiyo ni mfuko wa plastiki, ule mwembamba ambao Wakenya huuita juala.

Kwa mtazamo wa dukani, mfuko ule ulikuwa umebuniwa vizuri sana. Ni mwepesi, haupitishi maji, unabeba mzigo mkubwa kuliko uzito wake, na gharama yake ni ndogo kiasi kwamba mwenye duka anautoa bure. Tatizo linaanza mteja anapofika nyumbani. Mfuko unatumika kwa dakika chache, kisha unaweza kukaa ardhini kwa mamia ya miaka. Wangari alieleza hasara hizo kwa lugha ya mwananchi: mifuko inaziba mifereji, inaua mifugo inayoimeza, inachafua mashamba. Akaongeza jambo lililowashtua wengi, kwamba mfuko uliotupwa hushika maji ya mvua, na maji yaliyotuama ni mazalio ya mbu. Kwa nchi yenye malaria, aliona kwamba usafi wa mazingira na afya ya mtoto haviwezi kutenganishwa.

Mwaka 2005 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, lilitoa ripoti iliyopendekeza Kenya ipige marufuku mifuko iliyo chini ya maikroni 30 na kuitoza kodi ile minene. Wangari aliunga mkono hatua za namna hiyo. Wakati huohuo alikumbusha kwamba mbadala ulikuwepo tangu zamani, nao ni kiondo.

Tukitazame kiondo kama mbunifu angekitazama. Malighafi yake ni nyuzi za mmea. Kinadumu kwa miaka, na mkanda ukikatika unashonwa. Kinamfaa mwenye gunia la viazi na mwenye daftari za shule. Fedha yake inabaki kijijini kwa mama aliyekisuka, tena anaweza kusuka huku akitembea au akichunga. Kikichakaa, udongo unakipokea. Mfuko wa plastiki unakishinda kwa bei ya siku ya kwanza. Ukihesabu miaka mitano, pamoja na ng'ombe aliyekufa na mfereji ulioziba, hesabu inageuka. Hasara hizo haziandikwi kwenye risiti ya dukani, lakini kuna mtu anazilipa.

Neno kutoka Japani, kitambaa kama kanga

Februari 2005, mwezi ambao Itifaki ya Kyoto ilianza kufanya kazi, Wangari alialikwa Japani na gazeti la Mainichi. Huko alijifunza neno mottainai. Ni neno la zamani linaloeleza uchungu wa kuona kitu kinapotea kabla thamani yake haijaisha, pamoja na shukrani kwa kilichokitoa kitu hicho. Sisi tuna neno israfu, na wazee wetu wanaposema usifuje wanakaribia maana hiyohiyo.

Alilipenda neno hilo kwa sababu lilibeba mambo manne kwa pamoja: kupunguza matumizi, kutumia tena, kutengeneza upya, na kuheshimu. Mwezi Machi mwaka huohuo alilipeleka kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa huko New York, na wajumbe wakalitamka pamoja naye. Japani nako neno likapata nguvu mpya kwa kuwa mgeni kutoka Afrika ndiye aliyewarudishia.

Kitu kimoja kiliendana na neno hilo: furoshiki, kitambaa cha mraba ambacho Wajapani wamekitumia kwa karne nyingi kufungia na kubebea vitu. Mwaka 2006 waziri wa mazingira wa Japani, Yuriko Koike, alitoa furoshiki iliyobeba jina la mottainai, iliyofumwa kwa nyuzi zilizotokana na chupa za plastiki zilizotumika. Kwa fundo moja kitambaa kinabeba chupa, kwa jingine vitabu, kwa jingine tikitimaji.

Mwanamke wa Malolo hahitaji kufundishwa hilo. Kanga yake ni mbeleko asubuhi, ngata ya kichwani anapobeba ndoo, mfuko wa mboga akitoka bustanini, na pindo lake ndilo pochi ya kufungia hela. Ikichakaa inakuwa nepi, kisha kitambaa cha jikoni. Kifungashio kizuri cha aina hii tunacho tayari, ila tumezoea kukiona kama vazi tu.

Jeneza

Wangari alifariki tarehe 25 Septemba 2011 jijini Nairobi kwa saratani ya ovari, akiwa na miaka 71. Watoto wanaosoma shule za msingi leo hawakuwa wamezaliwa. Kabla ya kufa alikuwa ameeleza wazi kwamba hataki mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake.

Nairobi ilikuwa na mafundi wa majeneza ya mbao, na mazishi yalikuwa ya kitaifa, hivyo lingeweza kutengenezwa jeneza la fahari ya aina yoyote. Familia ilifuata wosia. Fremu ilikuwa ya mianzi, nayo ikasukwa kwa mafunjo na gugu maji. Mwanzi ni nyasi inayoota tena baada ya kukatwa. Mafunjo huota kwenye kingo za maji. Gugu maji ni balaa la Ziwa Viktoria: huziba gati, hukwamisha mitumbwi ya wavuvi, na kulivuna ni kulisaidia ziwa. Tarehe 8 Oktoba 2011, miaka saba kamili tangu habari ya Nobel, Kenya ilimuaga Uhuru Park, katika bustani ileile aliyoiokoa. Mwili wake uliteketezwa kwa moto huko Kariokor.

Kwa wengi uchomaji wa maiti ulikuwa jambo geni, na wengine hawakulipenda. Hatusemi kila mtu amfuate katika hilo, kwa maana dini na mila zina njia zake. Tunachokiona ni kwamba aliyewaambia wengine wafikirie mwisho wa mfuko aliufikiria pia mwisho wa kitu cha mwisho atakachokitumia.

Baada yake, na sisi

Hakuiona marufuku ya Kenya. Ilianza tarehe 28 Agosti 2017, ikiwa na adhabu ya faini hadi shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo hadi miaka minne. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2008, na Zanzibar ilianza hatua zake mwaka 2006. Tanzania Bara iliviondoa viroba vya pombe kali mwaka 2017, na mifuko ikafuata 2019.

Sheria zimefanya kazi kubwa, lakini maswali ya Wangari yanaonyesha mahali ambapo kazi haijaisha. Chukua mfuko mbadala unaouzwa sokoni, ule unaofanana na kitambaa laini. Mingi ya mifuko hiyo imetengenezwa kwa nyuzi za polipropilini, ambayo ni plastiki vilevile. Ukiutumia mara mia umefanya vizuri. Ukiutumia mara mbili na kuutupa mferejini, umebadilisha jina tu. Vivyo hivyo sheria yetu iliacha nje vifungashio vya kilimo, afya na viwanda, kwa sababu mbolea na dawa hazina budi kulindwa dhidi ya maji. Sababu hiyo ni ya kweli, na kwa hiyo mzigo wa kuamua mwisho wake unabaki kwa mkulima na kwa aliyemuuzia.

Malolo tunaishi kwa mifereji. Maji yanayotoka mtoni ndiyo yanayotoa vitunguu, na mfereji ulioziba kwa salfeti na nyavu ni hasara ya jaruba zima. Mfuko unaonasa kwenye nyasi unaweza kuishia tumboni mwa ng'ombe, na wilaya yenye wakulima na wafugaji haihitaji sababu nyingine ya kugombana. Gunia la wavu linaweza kurudi shambani msimu ujao likikaushwa na kukunjwa. Salfeti ya mbolea inaweza kushonwa ikawa mkeka wa kuanikia. Chupa ya kiuatilifu ni jambo tofauti: isitumike tena kwa maji wala mafuta ya kula hata ikioshwa mara kumi, na isitobolewe karibu na mfereji. Kutumia tena si jibu la kila kitu, na mwanasayansi kama Wangari angekuwa wa kwanza kutofautisha.

Kuna pia upande wa kipato. Wilaya ya Kilosa ina historia ndefu ya mashamba ya mkonge, kama Kimamba na Rudewa, na katani ndiyo uzi wa kiondo na wa kamba. Tunao wasukaji wa vikapu, mikeka na matenga. Wangari aliwalipa wanawake kwa mche uliopona kwa sababu alijua kwamba jambo jema lisilomlipa mtu hudumu kwa muda wa semina tu. Ikiwa tunataka kikapu kidumu sokoni, lazima msukaji apate bei inayomtosha, na mnunuzi akubali kulipa mara moja kwa kitu cha miaka mitano badala ya kulipa kidogokidogo kila wiki.

Kwa hiyo unaponunua chochote msimu huu, uliza maswali yake mawili kabla ya kutoa hela: kimetoka wapi, na kikishatumika kitaishia wapi. Kama jibu la swali la pili ni mferejini, mwambie muuzaji, maana naye anakunywa maji ya mto huohuo.